Makochi ya ngozi Dodoma: vumbi kwanza, maji baadaye

Kochi la ngozi likiwekwa sebuleni Dodoma linakabiliwa na mambo matatu kwa mpigo: vumbi jekundu linalopenya hata madirisha yakiwa yamefungwa, hewa kavu kuanzia Mei hadi Novemba, na maji ya bomba yenye chumvi. Wengi wakiona kochi limepauka hukimbilia kitambaa kilicholowa na kijiko cha mafuta ya alizeti, na hapo ndipo uharibifu unapoanza. Utaratibu tunaoufuata hapa ni mmoja na hauna njia ya mkato. Vumbi litolewe likiwa kavu. Kisha maji yaguse ngozi, tena maji machache. Ngozi ikishakauka kabisa ndipo ipakwe krimu.

Jua kwanza umekalia nini

Kabla ya kununua dawa yoyote, hakikisha kochi lako ni la ngozi kweli. Mengi yanayouzwa kwa jina la leza ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Fungua zipu ya mto, au pindua kochi uangalie chini pale lilipopigiliwa kwenye mbao. Ngozi halisi upande wa ndani ina nyuzi laini zisizo na mpangilio, zinazochambuka ukizikwaruza kwa ukucha. Ngozi bandia ina kitambaa kilichofumwa, na uzi wake unaonekana umepangwa. Halafu bonyeza kwa kidole sehemu ya kukalia: ngozi halisi hujikunja mikunjo midogo kuzunguka kidole, na vitundu vya vinyweleo vyake havifanani. Bandia hubonyea tu, na michoro yake hujirudia ileile kila baada ya sentimita kadhaa. Jaribio la kuchoma kwa kiberiti liache. Linaharibu kochi na moshi wa plastiki ni sumu.

Usishangae ukikuta kochi moja lina aina mbili. Viwanda vingi huweka ngozi halisi pale mwili unapogusa, yaani kwenye viti, mikono na egemeo, kisha nyuma na ubavuni huweka bandia iliyofanana rangi. Kwa hiyo kagua kila upande peke yake.

Ukishajua ni ngozi halisi, dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya mto. Tone likikaa juu bila kuzama kwa dakika moja au mbili, ngozi yako imepakwa tabaka la rangi na kinga. Ndiyo iliyo kwenye nyumba nyingi, na ndiyo inayovumilia zaidi. Tone likizama na kuacha alama nyeusi, ngozi yako haina tabaka la juu: ni laini na nzuri, lakini inanyonya kila kinachoigusa. Hiyo isafishwe kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya namna hiyo tu, na madoa makubwa umwachie fundi. Na kama uso wa ngozi una vinyoya vifupi unavyoweza kuvilaza kwa mkono, usiipake maji wala krimu. Tumia brashi kavu na usiende zaidi ya hapo.

Iko pia ngozi ya mabaki, ile inayotengenezwa kwa kusaga vipande vya ngozi na kuvibandika kwa gundi juu ya kitambaa. Muuzaji atakuambia ni ngozi, na hasemi uongo wote. Itunze kama ngozi bandia, kwa sababu tabaka lake la juu ni plastiki na itabanduka kama bandia.

Vifaa

Huhitaji vitu vingi. Andaa vitambaa vitano vya maikrofaiba, vile wanavyotumia waosha magari, vyeupe au vya rangi isiyochuja. Andaa brashi ya rangi ya ukutani ya inchi 2 au 3, mpya kabisa, yenye nywele laini. Mashine ya kufyonza vumbi ni nzuri kama ina kichwa cha brashi. Kichwa cha plastiki kitupu hukwaruza. Ongeza sponji laini, beseni mbili ndogo, pamba za masikioni, na poda ya mtoto isiyo na rangi.

Dawa bora ya kusafishia ni ile iliyoandikwa kuwa ni ya makochi au viti vya gari vya ngozi. Usipoipata, shampuu ya mtoto inafaa. Krimu iwe ya makochi au viti vya gari, isiyo na rangi. Dawa ya viatu haifai hata kidogo: ina rangi na nta inayohamia kwenye nguo, na mgeni wako ataondoka na suruali yenye alama.

Sasa maji. Maji ya Dodoma yanayotoka kwenye visima vya Mzakwe yana madini mengi, na ushahidi ni ule ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai. Madini hayohayo yakikaukia juu ya ngozi nyeusi au ya kahawia huacha michirizi ya kijivu ambayo watu huidhania ni fangasi. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za kwanza, au maji ya kunywa ya chupa. Lita moja na nusu inatosha seti nzima. Wapo wanaoshauri maji ya betri. Sisi tunakataza, kwa sababu duka linalouza maji hayo mara nyingi huuza pia asidi ya betri, na chupa zinaweza kuchanganywa.

Hatua ya kwanza: toa vumbi likiwa kavu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanapopita haraka. Vumbi la Dodoma lina chembe za mchanga ngumu kuliko tabaka la rangi ya ngozi. Kila mtu anapokaa na kuinuka, chembe zilizo kwenye mikunjo husugua kama msasa, na zilizo kwenye mishono hukata uzi polepole. Ukipitisha kitambaa chenye maji juu ya vumbi hilo unafanya mambo mawili mabaya: unalisugua kwenye ngozi, na unaligeuza tope linaloingia ndani ya mshono na kukauka humo. Kwenye kochi la rangi ya maziwa, mstari wa kahawia kando ya mshono ni tope la namna hiyo, na kulitoa baadaye ni kazi ya kupitisha pamba ya masikioni inchi kwa inchi.

Fanya kazi hii asubuhi kabla upepo haujashika kasi. Funga madirisha, zima feni. Toa mito inayotoka na uipeleke nje ikapanguswe huko. Anza juu ya egemeo ukishuka chini. Ukianza na kiti, vumbi la egemeo litakushukia tena. Kwa brashi, piga mapigo mafupi ukifuata mshono kwa urefu wake, kisha sukuma vumbi kuelekea mahali pa wazi ambapo mashine italifyonza au kitambaa kikavu kitalikusanya. Panua ule mpenyo kati ya kiti na egemeo kwa mkono mmoja, brashi iingie kwa mkono mwingine. Humo utakuta makombo, maganda ya karanga, sarafu, na mchanga usioutarajia. Sarafu na pini za nywele zitoe kwa mkono kabla ya kuweka mashine, maana zikiburutwa zinachana.

Kitambaa kikavu kikunje mara mbili, kiwe na tabaka nne, upate pande nane safi. Kila upande ukiwa mwekundu, geuza. Usitumie ufagio wa ndani wala kitambaa kilichopangusia meza, kwani huwa na mafuta na makombo.

Miezi ya upepo mkali, Juni hadi Oktoba, fanya hivi mara mbili kwa wiki. Nyumba za Mtumba, Iyumbu, Nzuguni na kwingine, pale ambapo ujenzi unaendelea au barabara ni za udongo, hata mara tatu si nyingi. Miezi ya mvua mara moja kwa wiki inatosha.

Hatua ya pili: jaribu, kisha safisha kwa povu

Kila dawa mpya ijaribiwe kwanza chini ya mto au nyuma ya kochi, eneo la ukubwa wa kiganja. Acha hadi kesho yake. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, au ngozi ikibaki nyeusi au inanata, dawa hiyo si ya kochi lako.

Changanya nusu lita ya maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha shampuu ya mtoto kwenye beseni la kwanza. Beseni la pili liwe na maji matupu. Chovya sponji, ikamue kwa nguvu, kisha ikande hadi itoe povu. Kinachosafisha ni povu. Maji hayana kazi ya kuingia kwenye kochi. Ukikamua sponji juu ya sakafu na tone likadondoka, bado ina maji mengi.

Safisha kipande kizima kutoka mshono hadi mshono, kwa miduara midogo isiyo na nguvu. Ukisafisha nusu ya kipande na kuacha nusu, mpaka wa unyevu utakauka na kuacha duara. Fuata mara moja na kitambaa chenye maji matupu kilichokamuliwa ili kuondoa shampuu, kisha kitambaa kikavu. Sponji na vitambaa viwili, kila kimoja na kazi yake, na usivichanganye. Maji ya beseni la pili yakianza kuwa na rangi ya chai, yamwage uweke mengine. Ndipo uhamie kipande kinachofuata.

Mikono ya kochi na sehemu ya kichwa zitahitaji kurudiwa mara mbili au tatu, kwa kuwa zina jasho na mafuta ya nywele. Rudia kwa upole badala ya kusugua kwa nguvu mara moja.

Acha kochi likauke lenyewe kivulini. Wakati wa kiangazi saa moja au mbili zinatosha, msimu wa mvua lipe hadi jioni. Feni ruksa. Jua na kikausha nywele hapana, maana vinakausha uso haraka kuliko ndani na ngozi inavuta, inakakamaa.

Kuhusu sabuni: ngozi ya kochi hutengenezwa kwenye hali ya asidi kidogo na hubaki hivyo maisha yake yote. Sabuni ya mche, sabuni ya unga na magadi ni kinyume cha asidi. Zinatoa mafuta yaliyowekwa kiwandani kulainisha nyuzi, na zinadhoofisha tabaka la juu. Siku ya kwanza kochi litang'aa na utafurahi. Madhara huonekana baada ya miezi, ngozi inapoanza kuwa ngumu na kupasuka kwenye mikunjo. Jiki, dawa ya kusafishia vioo na vitambaa vya maji vya kufutia watoto navyo viache. Hivyo vya watoto ni laini kwa mtoto, lakini vikitumiwa kila siku kwenye mkono wa kochi hulainisha rangi hadi inabanduka.

Kazi hii ya povu ifanye kila baada ya miezi mitatu. Ukiifanya kila wiki unalichosha kochi bure.

Hatua ya tatu: krimu, kidogo tu

Ngozi iwe imekauka kabisa. Weka krimu kwenye kitambaa, si kwenye kochi, kiasi cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 kwa kiti kimoja na kiasi hichohicho kwa egemeo lake. Paka kwa miduara, utabaki utando mwembamba unaoonekana kwa shida. Subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa ziada kwa kitambaa kikavu hadi kiganja chako kiteleze bila kunata. Kikinata, umeweka nyingi, na vumbi la kesho litagandamana hapo. Endelea kufuta.

Mara tatu kwa mwaka zinatosha Dodoma: Mei mvua zikishaisha, mwishoni mwa Agosti wakati hewa ni kavu sana, na Novemba kabla ya mvua kurudi. Tuwe wakweli kuhusu kinachofanyika: kwenye ngozi iliyopakwa rangi, krimu haizami sana. Inalinda tabaka la juu, inapunguza msuguano, na kiasi kidogo hupenya kwenye mishono na nyufa ndogo. Kwa hiyo usitegemee krimu ifufue ngozi iliyokwisha kukakamaa. Kazi yake ni kuchelewesha.

Mafuta ya jikoni ni suala la kulizungumza kwa kirefu, kwa kuwa mkoa huu na Singida alizeti ni nyingi na mafuta yako kila nyumba. Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa hugeuka: yanakuwa mazito, yananata, na baada ya wiki kadhaa yanatoa harufu ya kuvunda. Vumbi likishikana nayo unapata utando mweusi usiotoka kwa sabuni laini. Mafuta ya nazi hayafai kwa sababu nyingine: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka zaidi ya hapo, hivyo asubuhi unakuta utando mweupe kwenye mikunjo. Mafuta ya mgando hukaa juu, hulainisha rangi na kuhamia kwenye nguo. Nta ya nyuki kutoka Manyoni na Itigi ni mali nzuri kwa mikanda na viatu vya kazi, ila kwenye kochi hujazana mikunjoni na kuwa ngumu.

Kama mafuta ya alizeti yameshapakwa, usikate tamaa. Nyunyiza poda ya mtoto, acha usiku kucha, piga brashi asubuhi. Rudia hadi poda isibadilike rangi, ndipo usafishe kwa povu. Harufu hupungua polepole madirisha yakiachwa wazi.

Jua, na kochi lililotoka Dar es Salaam

Tangu serikali ilipohamia Dodoma, makochi mengi yamepanda malori kutoka pwani. Ngozi iliyozoea hewa nzito ya Dar es Salaam ikifika huku inapoteza unyevu haraka, hasa ikihamishwa Julai au Agosti. Dalili ni mlio wa kukwaruza ukikaa, na mistari myembamba juu ya kiti. Wiki ya kwanza toa vumbi la safari, kwa brashi tu. Wiki ya pili lisafishe kwa povu na ulipake krimu. Baada ya mwezi rudia krimu, kisha ingia kwenye ratiba ya mara tatu kwa mwaka. Usiliweke mkabala na kiyoyozi.

Jua la hapa ni kali na sebule nyingi zina madirisha makubwa. Kochi likae angalau sentimita 60 kutoka dirishani, na dirisha la magharibi liwe na pazia zito linalofungwa kuanzia saa nane mchana. Rangi ikishapauka kwa jua hairudi kwa krimu. Mito inayotoka izungushwe kila mwezi, wa kushoto uende kulia, ili wanaokaa mahali pamoja kila jioni mbele ya televisheni wasimalize kiti kimoja.

Na wakati unapolisogeza, acha nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani na uchungulie miguu ya mbao. Mchwa wa huku hupanda kwa njia za udongo zilizo nyuma ya kochi, na fremu huliwa huku ngozi ikiwa bado nzuri. Dawa ya mende usiipulize kwenye ngozi. Inaacha madoa yasiyofutika.

Madoa

Kanuni inayofanya kazi karibu kwenye kila doa: nyonya, usisugue. Kandamiza kitambaa kikavu au tishu, inua, badilisha upande, ukianzia ukingoni mwa doa kuelekea katikati ili lisitanuke.

Chai ya maziwa, soda, juisi ya zabibu na mvinyo: nyonya haraka, kisha povu kwenye kipande kizima kutoka mshono hadi mshono. Juisi ya zabibu nyekundu na mvinyo visikae hata saa moja kwenye ngozi ya rangi nyepesi, kwa sababu rangi yake hushika. Sukari isipotolewa yote inabaki inanata na kualika sisimizi.

Mafuta ya chakula na ya nywele: usitumie maji. Nyonya, nyunyiza poda ya mtoto, acha usiku kucha, piga brashi. Doa jeusi la kichwani lililokaa miaka lilishaingia hadi kwenye nyuzi, na litapungua tu. Kinga yake tunayo siku zote: vitambaa vya kufuma vilivyokuwa vinawekwa kwenye egemeo na mikono ya makochi. Baadhi ya watu siku hizi wanaviona vya kizamani. Virudishwe, na vifuliwe kila wiki, kwa maana kitambaa chenye mafuta hukamulia mafuta kwenye ngozi.

Wino wa kalamu ni wa kukimbilia, maana ndani ya saa chache huzama kwenye tabaka la rangi. Anza na povu. Ukigoma, na ngozi yako ni ile iliyopakwa rangi, lowesha pamba ya masikioni kwa spiriti ya hospitali, iguse juu ya mstari na kuizungusha bila kusugua, kisha tupa utumie nyingine. Pamba ikianza kuwa na rangi ya kochi badala ya ya wino, acha papo hapo. Spiriti imeanza kula rangi. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha usiijaribu kabisa, itatoboa tabaka lote kwa sekunde.

Mkojo wa mtoto: nyonya, toa mto, pitisha povu, kisha kitambaa kilichochovya mchanganyiko wa kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwenye glasi ya maji. Malizia na maji matupu. Harufu ikibaki, tatizo liko kwenye sponji ya ndani: fungua zipu, ioshe peke yake na kuikausha siku nzima kabla ya kuirudisha.

Bigijii na nta ya mshumaa: weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki, kandamiza hadi vigande, kisha vinyanyue kwa ukingo wa kadi ya simu ya zamani. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Rangi ya jinzi mpya na ya khanga mpya kwenye kochi jeupe hutoka kwa povu ikiwahiwa, na haitoki ikizoeleka. Hina na piko hazitoki. Hina hushika protini, na kochi la ngozi ni protini kama ngozi ya mkono. Tofauti ni kwamba mkono hujivua na kuota ngozi mpya. Bibi harusi na wenzake watandikiwe shuka nene, mara mbili.

Ukungu na nailoni

Desemba hadi Aprili, kwenye chumba kisichofunguliwa, kochi linaweza kuota madoa meupe au ya kijani yenye harufu ya stoo. Litoe nje barazani, piga brashi huko ili vumbi la ukungu lisienee ndani, na ufunike pua na mdomo. Changanya spiriti ya hospitali na maji safi kwa vipimo sawa, jaribu mahali pa siri, kisha futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Kausha kivulini penye upepo, na baada ya siku moja paka krimu. Likirudishwa chumbani, madirisha yafunguliwe kila siku, la sivyo ukungu utarudi kabla mwezi haujaisha.

Wanaoacha nailoni ya dukani juu ya kochi jipya kwa miezi wanadhani wanalilinda. Nailoni inafungia jasho na unyevu, na kwenye joto inashikana na rangi; siku ya kuivua inaondoka na ngozi. Ivue siku ileile kochi linapoingia ndani. Kwa safari, tumia shuka za pamba.

Likibanduka au likipasuka

Magamba yakitoka na chini yake ukaona kitambaa, hiyo ni ngozi bandia au ya mabaki. Plastiki yake imevunjwa na joto, jasho na unyevu, na hakuna krimu wala mafuta yatakayoigandisha tena. Unachoweza ni kukata kingo zilizoning'inia kwa mkasi ili zisiendelee kuchanika, na kutandika kitambaa hadi upate pesa ya kubadilisha. Ngozi bandia ambayo bado nzima isafishwe kwa povu lilelile, bila krimu.

Ngozi halisi iliyopauka au yenye nyufa nyembamba zisizopita tabaka la juu inaweza kupakwa rangi upya na fundi. Nyufa zilizoingia ndani hujazwa kwanza, na zikiwa kwenye kiti zitafunguka tena mapema kuliko za ubavuni. Mshono ulioachia ushonwe upesi ungali sentimita mbili tatu, kabla matundu ya sindano hayajachanika.

Ukimwita fundi, kabla hujampa kazi mwulize atatumia uzi gani: uwe wa polyester au nailoni, kwa kuwa wa pamba huoza. Mwambie akuonyeshe rangi yake kwenye kipande cha chini ya mto na muiache ikauke usiku mmoja, kisha uifute kwa kitambaa cheupe chenye maji. Ikitoka, mwambie abadilishe rangi. Na asibandike kiraka kwa gundi ya viatu juu ya ngozi. Kiraka huwekwa kwa ndani, chini ya mpasuko, kwa gundi inayobaki laini ikikauka. Kochi lililopakwa rangi lisikaliwe kwa saa 24, na lisipakwe krimu kwa wiki mbili za kwanza.